Juu ya Visu vya Bei Ndogo

Neno moja likipigwa chapa juu ya vitu kumi, wanunuzi huelekea kuamini kwamba vitu hivyo kumi ni kitu kimoja. Ndivyo lilivyo neno stenlesi, lionekanalo juu ya bapa la karibu kila kisu kiuzwacho katika masoko yetu, tangu kile kidogo cha kumenyea viazi hata kile kirefu cha mpishi wa hoteli. Mwenye duka hulitaja kwa fahari, mnunuzi hulipokea kwa imani, na mazungumzo huishia hapo. Walakini chini ya jina hilo zimo aina nyingi za pua zenye tabia zinazopingana, na mtu aliye na shilingi chache za kununulia kisu ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kuzitambua. Maana mwenye fedha nyingi akinunua kibaya leo, kesho atanunua kingine.

Pua ninayoitaja hapa si ile ya uso, ijapokuwa wanafunzi wangu hucheka kila niandikapo neno hilo ubaoni. Ni jina la kale la Kiswahili la chuma kigumu, ambacho siku hizi twakiita pia chuma cha pua. Chuma kitupu ni laini. Ukikinoa hupata makali, lakini makali hayo hayadumu. Kikigeuzacho kuwa pua ni kaboni, yaani kitu kile kile kilichomo ndani ya makaa, nayo haihitajiwi kwa wingi. Sehemu moja ya kaboni katika sehemu mia mbili za chuma yatosha kukifanya, kikipashwa moto mkali na kupozwa ghafula, kiwe kigumu cha kukata chuma kingine.

Nilianza kuyachungua mambo haya kwa ajili ya shangazi yangu, ambaye huuza sukuma wiki kando ya barabara. Tangu saa kumi za alasiri hata saa mbili za usiku, watu watokao kazini humtaka awakatie mboga nyembamba kama nyuzi, tayari kutiwa sufuriani. Hatumii ubao. Hulikunja fungu la majani katika mkono wa kushoto, akalikaza, kisha kisu kikapita mbele ya vidole vyake kwa mwendo ambao mgeni hawezi kuutazama bila ya kushtuka. Kisu kikiwa kikali, mteja hangoji. Kikiwa butu hakikati bali husukuma, na kinachosukumwa mwishowe huteleza. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vina makovu, na mwaka mmoja jeraha lilivimba akakaa siku tisa bila ya kuuza hata jani moja, ilhali kibanda cha jirani yake kiko hatua mbili tu kutoka chake. Ni huyu shangazi aliyenilipia sehemu ya karo nilipokuwa katika chuo cha ualimu, na kila shilingi ya karo hiyo ilikatwa kwa kisu kama hicho.

Siku moja aliniuliza, "Mwanangu, wewe ni mwalimu. Nieleze kwa nini kisu cheusi cha marehemu mama yangu kilikuwa kikikaa na makali yake siku nyingi, na hiki king'aacho hakimalizi hata juma moja."

Swali la namna hiyo halifai kujibiwa kwa kubahatisha.

Jibu lake laanzia mbali, katika mji wa Sheffield nchini Uingereza, ambao ulikuwa na sifa ya kufua visu kwa karne nyingi. Mwaka 1913 mtu aitwaye Harry Brearley alikuwa akitafuta huko pua ya mitutu ya bunduki isiyoliwa upesi na moto wa risasi. Brearley alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa tanuri la pua. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12, akaingia kazini, na elimu yake ya kemia aliipata akitumika katika maabara. Mwezi wa Agosti mwaka ule alipata pua yenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Ilikuwa desturi kuipaka pua asidi kabla ya kuitazama kwa hadubini. Hii ikakataa kuliwa na asidi. Wengine wangaliona hilo kuwa usumbufu tu, lakini yeye mawazo yake yalikwenda kwenye visu vya mezani, ambavyo siku zile vilishika kutu na madoa visipofutwa mara baada ya chakula. Ernest Stuart, msimamizi wa karakana moja ya visu, aliijaribu pua hiyo kwa siki, akaipa jina lenye maana ya "isiyoingia waa", ambalo ndilo stenlesi yetu.

Visu vya kwanza, hata hivyo, havikukata. Mafundi wa Sheffield walikuwa wamezoea pua ya kaboni, ambayo huwa tayari kuchovywa ifikapo joto la digrii 800 hivi. Pua mpya ilitaka digrii 1000 na zaidi, na fundi aliyeitendea kama ile ya zamani alipata kisu kizuri kisicho na makali. Wakamdhihaki Brearley kuwa ni mvumbuzi wa visu visivyokata. Dhihaka hiyo imepita umri wa miaka mia moja, nayo ndiyo malalamiko ya shangazi yangu.

Kabla ya hapo, mwaka 1912, kiwanda cha Krupp nchini Ujerumani kiliandikisha uvumbuzi wa pua ya namna nyingine, yenye kromiamu na nikeli pamoja. Kutoka kwayo zimekuja sufuria zetu nzito, vijiko na masinki. Pua ya ukoo huo aghalabu huwa na kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na tarakimu 18/8 zionekanazo nyuma ya vijiko maana yake ni hiyo. Haishiki kutu kwa urahisi, lakini haikubali kutiwa ugumu kwa moto. Ipashe uipashavyo na uichovye uichovyavyo, itabaki laini. Kisu kilichokatwa katika bamba la pua ya sufuria hung'aa miaka na miaka, na faida yake huishia katika kung'aa.

Kwa bahati njema, koo hizi mbili hutenganishwa kwa sumaku, hata ile itolewayo katika spika ya redio mbovu. Pua ya visu hunaswa kwa nguvu. Ya 18/8 hunaswa kidogo sana au hainaswi kabisa. Bapa likiikataa sumaku, rudisha kisu mahali pake. Lakini likiikubali, usifurahi upesi, kwani iko pia pua ya nyuma za bei ya chini yenye kromiamu bila nikeli, tena bila kaboni ya kutosha. Sumaku huinasa vizuri ilhali ugumu haina. Sumaku hukuambia kipi si kisu. Haiwezi kukuambia kipi ni kisu chema.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Kromiamu huilinda pua kwa kuungana na oksijeni ya hewa na kufanya utando mwembamba mno usioonekana kwa macho. Utando huo ukikwaruzwa hujiziba wenyewe, maadamu hewa ipo. Ili ukamilike, pua yahitaji kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Kaboni nayo hupenda sana kushikana na kromiamu. Zikikutana hufanya chembe ngumu zisaidiazo makali yadumu. Lakini kromiamu iliyofungwa ndani ya chembe hizo haimo tena katika kazi ya kuzuia kutu. Mtengenezaji wa pua ya bei ndogo, ambaye hana fedha ya kutia madini mengine ya thamani, yu kama mzazi mwenye shuka moja na watoto wawili: akimfunika huyu, yule huachwa wazi.

Visu vingi vya bei ndogo viletwavyo kwetu hutoka China, na majina ya pua za Kichina yana uzuri mmoja, kwamba husomeka kama hesabu. Chukua 3Cr13. Tarakimu ya kwanza ni kaboni, ikihesabiwa katika sehemu elfu. Herufi Cr ni kromiamu. Na 13 ni asilimia yake. Basi hapo pana kaboni sehemu 3 katika 1000 na kromiamu sehemu 13 katika 100. Katika 5Cr15MoV kaboni ni sehemu 5 katika 1000, kromiamu ni asilimia 15, na yameongezwa madini mawili kwa kiasi kidogo, molibdenamu na vanadiamu. Katika 8Cr13MoV kaboni yapanda hata sehemu 8, na kromiamu yarudi 13. Mwanafunzi aliyeelewa habari ya shuka na watoto wawili aweza sasa kukisia tabia ya kila moja kabla hajaishika.

Mataifa mengine huandika vingine, lakini jamaa ni wale wale. Pua ya Kijapani iitwayo 420J2 ni ndugu wa 3Cr13. Wajerumani huandika X50CrMoV15, wakihesabu kaboni katika sehemu elfu kumi, na hiyo haitofautiani sana na 5Cr15MoV. Hapa ndipo penye jambo la kustaajabisha: visu vya mpishi vya Wüsthof, ambavyo kimoja chaweza kuuzwa kwa bei ya mbuzi mzima na zaidi, vina chapa hiyo hiyo ya X50CrMoV15 juu ya bapa. Waswidi wana 12C27, yenye kaboni asilimia 0.6 na kromiamu asilimia 13.5, itumiwayo katika visu vingi vya Mora, ambavyo ni vya bei ya wastani na kwa maoni yangu ni vyema kupita bei yake. Jihadhari na tarakimu 440 zilizoandikwa bila herufi. Ziko 440A, 440B na 440C. Ya kwanza ina kaboni asilimia 0.60 hadi 0.75, na ya mwisho 0.95 hadi 1.20. Muuzaji aliyeiacha herufi, yamkini hakuisahau.

Nilinunua visu vitatu, kila kimoja cha pua mojawapo kati ya zile tatu za Kichina. Cha 8Cr13MoV kilikuwa kisu cha kukunja cha mfukoni. Cha nne nilifuliwa na mhunzi wa Kamukunji, Nairobi, kwa kipande cha springi ya gari, pua yenye kaboni ya kutosha lakini isiyo na kromiamu ya kuzuia kutu. Nilivinoa vyote juu ya jiwe moja kwa mwinamo mmoja. Kisha nikakata kamba ya katani, wanafunzi wangu wakihesabu kwa sauti, na baada ya kila mikato ishirini nikajaribu kupasua karatasi ya daftari iliyoshikwa kwa ncha. Kisu kilichoanza kuirarua karatasi badala ya kuikata kilihesabiwa kuwa kimechoka.

Cha 3Cr13 kilichoka mapema kuliko vyote. Kikafuata cha 5Cr15MoV, kikiwa kimekwenda mbali zaidi kuliko nilivyotazamia; kisha cha springi; na cha 8Cr13MoV kikawa cha mwisho. Usiku ule nikavipaka vyote maji ya ndimu na chumvi. Asubuhi cha springi kilikuwa cheusi chenye mabaka ya rangi ya udongo, cha 8Cr13MoV kilikuwa na vidoa karibu na makali, na vile viwili vingine vilikuwa safi. Wanafunzi waliotabiri mpango huo kwa kusoma majina tu walitembea kwa maringo siku nzima, nami sikuwakataza.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na wale wahesabuo kaboni peke yake. Wenye viwanda hupima ugumu kwa kipimo cha Rockwell, ambapo ncha ya almasi hugandamizwa juu ya pua kwa mzigo wa kilo 150, na kina cha alama ikaonyesha ugumu. Pua ya 3Cr13 kwa kawaida hufika hamsini na kidogo, 5Cr15MoV hukaribia 56, na 8Cr13MoV hufika 58 hivi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, walakini mkono huijua. Pua ngumu hukaa na makali, lakini ikishapotewa nayo hairudi upesi. Yataka jiwe zuri na subira, na ikigonga mfupa huweza kumeguka. Pua laini haimeguki. Makali yake hujikunja upande mmoja, na mara nyingi hayajaisha bali yamelala. Mchinjaji ajua jambo hilo, na ile fimbo ya chuma apitishiayo kisu chake kabla ya kukata nyama huyainua makali yaliyolala. Shangazi hana jiwe zuri. Ana kipande cha jiwe la ujenzi na kikombe cha udongo mweupe, ambacho hukigeuza na kunoa juu ya duara lake la chini lisilong'arishwa. Kisu cha 3Cr13 kilirudi kuwa kikali juu ya kikombe hicho kwa mapito yasiyozidi kumi. Cha mfukoni, kilichoshinda mashindano yote ya kamba, kilimchosha mkono akakiweka chini.

Jambo la pili ambalo chapa haisemi ni unene. Kisu cha mhunzi kilikuwa kinene mgongoni na kinene pia karibu na makali, kwa hiyo kilipasua majani kama shoka lipasuavyo gogo; kile cha 3Cr13, ambacho pua yake ni dhaifu kuliko zote, kilikuwa chembamba kama karatasi ngumu, na katika mboga kilipita bila ya kelele. Mtu anayekata sukuma wiki angefanya vyema kutazama kwanza wembamba wa bapa, ndipo asome jina.

La tatu ni moto. Visu viwili vyenye jina moja vyaweza kutoka katika viwanda viwili, kimoja kimeiva na kingine kibichi, kama mikate ya unga mmoja katika matanuri mawili. Mwenye tupa nyumbani aweza kupapasa nayo kwa wepesi karibu na mpini: ikiuma sana, pua ni laini; ikielekea kuteleza, imeiva. Lakini jaribio hili ni la kisu ulichokwisha kununua, kwa kuwa sijaona mwenye duka avumiliaye kuona bidhaa yake ikipigwa tupa.

Wala neno kwamba haishiki kutu lisichukuliwe kuwa kiapo. Chumvi hupenya utando wa kromiamu na kutoboa vishimo vidogo, na rafiki yangu afundishaye Mombasa ana visu vya aina hii vilivyoingia vidoa kwa kuachwa usiku kucha katika beseni lililooshewa samaki. Kuvifuta vikauke ndiyo dawa yake yote.

Nilipomwendea shangazi na majibu yangu, nilimweleza kwamba kisu cha mama yake kilikuwa cha pua ya kaboni, isiyogawana kaboni yake na kromiamu, na kwamba moto wa mhunzi wa kawaida uliitosha kuiivisha. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kweli. Lakini hapakuwa na mtoto aliyethubutu kukiacha majini. Kila jioni mama alikifuta, akakipaka mafuta, akakichomeka darini."

"Na hiki chako, shangazi?"

"Hiki hushinda katika maji ya mboga tangu alasiri. Nitakifuta saa ngapi, na watu wamesimama?"

Alichagua kile cha 5Cr15MoV, baada ya kukata mafungu matatu kwa kila kisu mbele ya wateja wake, ambao kila mmoja alikuwa na maoni. Alisema kwamba chembamba cha 3Cr13 ni chepesi zaidi, ila hataki kusimama kunoa mara mbili katika jioni moja. Hiki kilimfikisha hata saa ya kufunga. Akakizungusha kipini kwa mpira wa gurudumu la baiskeli ili kisiteleze mkono ukilowa. Kisu cha Kamukunji alikiomba pia, kwa ajili ya kukata kamba za magunia. Nimekiona kikining'inia katika nguzo ya kibanda chake, cheusi kabisa, kikinuka mafuta ya kupikia.